Kitabu Kilichokuja na Matumbo

Nilipoitwa niseme maneno mawili kwenye mazishi ya shemeji yangu Mutisya, nilisimama nikashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika kikombe cha moto, nikasema, "Shemeji alinipa ufunguo." Nilitaka kuendelea lakini sikuwahi. Watu wakaitikia amina. Mchungaji akaliokota neno lile pale pale, akaliongezea "wa maisha", akalihubiri mpaka waliokuwa wanachimba wakamaliza kusawazisha kingo. Nikarudi kuketi. Sikuwa nimesema uongo, hilo nalijua. Lakini baada ya watu kula, Mueni, binti ya marehemu, alinifuata nilipokuwa nasugua sufuria akaniuliza, "Mama mdogo, ufunguo gani?" Mueni sasa ni mama wa watoto wakubwa. Mwaka ninaotaka kuueleza alikuwa mgongoni mwangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na hakumbuki hata harufu ya chumba kile. Nilimjibu kwamba nitamwandikia, kwa sababu mimi kusema najikwaa. Kuandika pia najikwaa, ila nikiandika naweza kufuta. Nimezoea kuandika mistari yangu ya kila siku tangu ujana, mambo ya mvua na nani kapita, na sijawahi kufikiri ni kitu cha kumsomesha mtu. Nitajaribu kumtendea haki kila mmoja. Kama nitapendelea upande, basi Mueni ajue ni kumbukumbu, si kusudi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na dada yangu Nduku akaniita Nairobi nimlelee mtoto. Tulikubaliana hivi: nikae mwaka, na mwaka ukiisha nipelekwe darasa la ushonaji lililokuwa kwenye ukumbi wa kanisa, asubuhi za siku za kazi, mtoto mgongoni ikibidi. Nduku ndiye aliyesema "utakwenda". Shemeji alisema "tutaona". Maneno yale mawili niliyabeba mwaka mzima, moja kwenye kila bega. Walikuwa wanakaa Shauri Moyo, ng'ambo tu ya soko la Burma, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda chao. Upande wangu kulikuwa na meza, viti viwili, jiko la mafuta ya taa, mkeka wangu uliokunjwa mchana, na ndoo yenye kifuniko ambayo sitaeleza zaidi. Dirisha lilikuwa moja, lenye wavu wa waya, nao wavu umetoboka pembeni tundu la kupita ngumi. Kuta walikuwa wamezibandika magazeti kwa uji wa unga, kama nyumba nyingi za huko, ili zisionyeshe moshi: maharusi, sabuni, wachezaji mpira waliokwisha kuzeeka. Kila asubuhi Nduku alikwenda kwenye kiwanda cha peremende, shemeji akaenda kwenye lori la tajiri wake. Na shemeji, akiwa wa mwisho kutoka, alifunga mlango kwa nje kwa kufuli. Mimi na Mueni tukiwa ndani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu. Mtu akisikia hivyo atasema, huyo alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Kabla yangu walikuwa na yaya mwingine, na yaya yule siku moja alifuata utingo wa basi akaacha mlango wazi, na Mueni akapatikana akitambaa kwenye mtaro wa maji machafu, karibu na barabara ya magari. Aliyemwokota ni jirani. Shemeji aliniambia habari hiyo siku niliyofika, akiniangalia usoni. "Mwende," akasema, "mimi siogopi wezi. Naogopa mlango." Nilielewa. Nikasema sawa, shemeji. Lakini kuelewa kufuli si dawa ya kufuli. Saa za mchana ukuta ulikuwa unasogea. Nilisikia mapanga ya bucha za Burma yakigonga magogo, ku, ku, ku, na moshi wa nyama choma ukaingia dirishani bila kubisha hodi, na nilijua kila kitu kinachotendeka nje bila kukiona. Vijana walipita wakanichungulia: "Sista, sasa! Manzi wa kufuli! Umeiba nini?" Nikijibu, wanacheka. Nisipojibu, wanacheka. Nilianza kuongea na wachezaji mpira wa ukutani. Nilianza pia, na sijui kama niliandike hili, kumchukia Mueni kwa vipindi vifupi vifupi, halafu namkumbatia mpaka analia.

Jumamosi Nduku alirudi adhuhuri, na hapo nilifunguliwa. Alinipa kikapu niende Burma kununua matumbo, kwa mtu wa kwetu aitwaye Kilonzo, aliyekuwa na meza ya matumbo na vichwa nyuma ya bucha kubwa. Kilonzo alikuwa anaongea na kila kiungo anachokipima. "Wewe utumbo, nenda salama, umsalimie Nduku." Wenzake walifunga nyama kwa gazeti. Yeye mwaka ule alikuwa na rundo la karatasi nyeupe nene, kubwa kuliko daftari, zilizopigwa chapa upande mmoja tu. Nilifika nyumbani, nikafungua matumbo kwenye karai, na karatasi ikabaki mkononi ikidondosha. Nilikuwa karibu kuitupa. Nikaona neno "bomba". Nikasoma kwa sababu nilikuwa mtu ambaye amekwisha kusoma sabuni ya ukutani mpaka naweza kuiimba.

Iliandikwa hivi, na nadhani sikosei sana: "Siku mtaa wetu ulipong'oka ardhini, wanawake walikuwa kwenye foleni ya bomba. Nyumba zikapanda, vyoo vikapanda, bomba likapanda na kipande cha mpira wake kikining'inia chini kama mkia. Wingu likapita katikati ya ndoo. Aliyekuwa wa mwisho akauliza kama foleni inaendelea."

Nilicheka peke yangu. Nduku akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Unacheka nini na matumbo?" Nikasema, "Mtaa umeng'oka." Akasema, "Osha matumbo, Mwende." Nikayaosha, lakini mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Sikuwa nimejua kwamba jambo kama lile linaruhusiwa. Shuleni tulisoma hadithi za sungura na fisi, na hadithi za watoto watiifu, na mambo yakitokea ya ajabu yalitokea zamani, porini, kwa wanyama. Hapa kulikuwa na foleni ya bomba, foleni ninayoisikia kila siku kupitia wavu, ikipaa angani na ndoo zake. Niliikausha ile karatasi juu ya jiko ikabaki na ramani ya damu. Jioni nilipika uji mzito wa unga, nikaibandika ukutani upande wangu, juu ya maharusi. Shemeji alipoiona alisema tu, "Vizuri. Yale magazeti yamechoka."

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Kilonzo anifungie kwa karatasi mbili. Akaniambia, "Matumbo ya nusu kilo yanavaa koti mbili? Kwani yanakwenda harusi?" Lakini akanipa. Zilikuwa kurasa za mbali, si zinazofuata. Kila ukurasa ulikuwa na namba chini, kwa hiyo nilianza kuzibandika nikiacha nafasi za zile ambazo hazijaja, na ukuta wangu ukawa kama kinywa cha mtoto anayeota meno. Hivyo ndivyo nilivyokisoma kitabu kile, kwa mpangilio wa matumbo. Nilijua kwamba mtoto amezaliwa huko juu ambaye hajawahi kukanyaga udongo, na wazee wakimwambia "udongo" anadhani ni hadithi, kabla sijajua mama yake ni nani. Nilijua kuna Kamati ya Ukingo iliyokataza watu kuchungulia chini, kabla sijajua kwamba chini kuna ukungu usioisha. Kulikuwa na mtaalamu wa vyuma aliyeeleza kwa nini mtaa unaelea, kwamba ndani ya murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, kuna madini yaliyochoka kukanyagwa, na alieleza kwa hesabu ndefu kiasi kwamba nilimwamini. Na kulikuwa na Tabu, mchota maji, ambaye peke yake alitaka kushuka. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kamba za kuanikia nguo, na kila aliyempa alimpa pia sababu ya kutokwenda.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba shemeji naye alianza kusoma. Mwanzoni alisoma kama mtu anayepita, chai mkononi. Halafu akawa anasimama. Shemeji alikuwa mrefu na kurasa zingine nilizibandika chini, kwa hiyo alichuchumaa na suruali yake ya kazi, kidole kikifuata mstari. "Huyu mwanamke," akasema jioni moja, "kamba zote hizo anazifunga fundo gani? Fundo la kawaida litateleza." Nikasema haijaandikwa, labda ipo kwenye ukurasa ambao hatuna. Siku iliyofuata, katikati ya wiki, alirudi na kifurushi cha matumbo. Nduku akashangaa. "Leo ni Jumanne, baba Mueni. Nani anakula matumbo Jumanne?" Akajibu kwamba alipita tu Burma, akaona yamenona. Alikifungua mwenyewe, polepole, akamwaga matumbo kwenye karai kama mtu anayemwaga maganda, akanyoosha karatasi mezani kwa kiganja. Haikuwa ya fundo. Lakini tuliibandika, yeye akishika juu na mimi nikipaka uji chini, na kwa kitambo hicho hatukuwa mtu na aliyemfungia. Asubuhi yake alifunga kufuli kama kawaida. Ninayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli, na sijawahi kupata njia ya kuyapatanisha.

Tulikula matumbo mwezi ule mpaka Nduku akasema anasikia yakitembea usingizini. Kisha ukaja ukurasa ambao tulijua ni wa mwisho, kwa kuwa namba yake ilizidi zote, ingawa mistari yake ilijaa mpaka ukingoni bila nafasi. Tabu amefunga kamba kwenye bomba, ameteremka ndani ya ukungu, na kamba imekwisha. "Kamba ikaisha na ukungu haukuisha. Juu walimwita arudi. Chini hakukuwa na wa kumwita." Basi. Ilikuwa imeloa sana, na mafuta yameingia, na nilikuwa na haraka, nikaipaka uji nikaibandika mbichi. Usiku ule sikula. Nilimwonea hasira aliyeandika. Nilisema moyoni, mtu huyu amemwacha mwanamke akining'inia kwa kamba za watu na kwenda zake kunywa chai. Shemeji aliisoma mara kadhaa akasema, "Ndivyo ilivyo," akaenda kulala. Na mwaka wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Nilimuuliza Nduku kuhusu ushonaji, akasema nimuulize shemeji. Nilimuuliza shemeji, akasema, "Tutaona," na akaangalia mlango.

Jirani yetu alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Majengo aliyeolewa huku, aliyekaanga mahamri nje ya chumba chake na kuyauza kwa makarani wanaokwenda kazini. Ndiye aliyemwokota Mueni mtaroni siku ile. Kupitia lile tundu la wavu alinipitishia hamri moja kila asubuhi, na mimi kwa shukrani nilimsomea ukuta. Hakujua kusoma herufi hizi, alijua zile za Kiarabu, lakini alisikiliza kuliko mimi, akaingilia. "Huyo mwenyekiti wa kamati namjua! Ni yule yule wa huku!" Nilipomsomea mwisho alisonya. "Astaghfirullah. Kamwacha hapo? Ngoja. Namjua aliyeyatunga haya." Nikadhani anatania. Akaniambia kuna karani mmoja, Bwana Ezekia, mteja wake, aliyekuwa anachapa hadithi zake mwenyewe kwa mashine ya kunakili ya ofisini kwao, kwa ruhusa, wakati wa chakula cha mchana. Alizishona kwa sindano ya magunia, akazitembeza mlango hadi mlango. Watu wakamuuliza kama ni vitabu vya shule. Akisema si vya shule, wanafunga mlango. Mwishowe alichoka kulala na marundo chini ya kitanda, akampa Kilonzo. "Nitamwambia," akasema Mama Zuhura, "kwamba kuna msichana amembandika ukutani."

Bwana Ezekia alikuja siku ya kazi, mchana. Alikuwa mtu mfupi mwenye tai na mikono ya shati yenye madoa ya wino, na alivua kofia kunisalimia kupitia wavu kana kwamba nilikuwa kwenye kibaraza. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kitabu kina mtu. Yeye naye hakuniangalia sana, alikuwa anaangalia ukuta nyuma yangu. Akaweka uso kwenye wavu mpaka pua ikapindika.

"Umezipanga," akasema.

"Zina namba."

"Hata nyumbani kwangu hazikupangwa hivi." Akasoma kidogo midomo ikitembea, akacheka mahali alipojichekesha, na mimi nikamwona ni mtu wa kujipenda kidogo, na sikumlaumu. "Unaonaje? Useme kweli. Watu huniambia ni nzuri halafu wanakwenda."

Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema, "Foleni ni nzuri. Mtoto asiyejua udongo ni mzuri. Mwisho ni mbaya. Umemwacha kwenye kamba."

Akakunja uso. "Mimi? Sikumwacha."

"Umemwacha, bwana. Kamba imeisha, na wewe umeisha."

Akaangalia ule ukurasa wa mwisho, ukiwa umekauka vizuri juu ya mchezaji mpira, na uso wake ukabadilika. "Dada yangu," akasema, "uligeuza?"

Zile nyingine zote nyuma zilikuwa nyeupe. Kumbe karatasi zilimwishia siku ya mwisho, akapiga chapa nyuma ya hiyo moja. Nilimwomba anisimulie kilichoko. Akasema hawezi, amesahau alivyokiweka, na akikisimulia vibaya kitakuwa kingine. Tulikuwa tunabishana hivyo, yeye akishika wavu na mimi nikishika wavu, wakati lori la shemeji lilipoingia uwanjani mapema kuliko siku zote.

Sitaandika maneno yote. Shemeji alimshika Bwana Ezekia bega akamgeuza. "Wewe ni nani kwenye dirisha langu?"

"Mimi ndiye mwenye kitabu."

"Kitabu gani?"

"Hicho. Cha ukutani."

"Hicho nimekinunua na nyama!" Watu walikuwa wamekwisha kusimama. Wale vijana wakapiga mbinja. "Manzi wa kufuli ana karani!" Mama Zuhura akajaribu kueleza, "Baba Mueni, mimi ndiye niliyemwita," lakini ilikuwa mbele ya macho mengi, na mwanamume akiwa mbele ya macho mengi masikio yake yanakaa nyumbani. Bwana Ezekia akavaa kofia, akaondoka akiyumba kidogo, akageuka mara moja tu kuniambia, "Kwa maji ya vuguvugu. Usivute." Shemeji akafungua kufuli, akaingia, akasema bila kupaza sauti kwamba Jumamosi ananirudisha kwetu Kangundo. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. "Nilikwambia naogopa mlango," akasema. "Kumbe ningeogopa na dirisha."

Jioni ile Nduku alipika ugali na mboga, na tukala tukisikia kila mmoja anavyotafuna. Nduku alikuwa amechoka, ana harufu ya sukari ya kiwanda kwenye nywele. Alisema tu, "Nimefanya kazi mwaka mzima nikijua mtoto wangu yuko salama. Salama hiyo ni Mwende. Mumrudishe, halafu?" Hakumwangalia mtu. Shemeji akanawa mikono. Akakausha. Akaenda akasimama mbele ya ukuta, mgongo kwetu, na akakaa hapo muda ambao chai ilipoa.

"Yule mtu," akasema, "alisema nini kuhusu kamba?"

Nikamwambia kwamba mwisho uko nyuma ya ule ukurasa. Akaniangalia kuona kama namdanganya. Halafu akasema, "Leta maji."

Nilipasha maji kwenye jiko. Alikunja mikono ya shati, akachovya kitambaa cha Mueni, akakikandamiza kwenye karatasi, akangoja, akachovya tena. Nduku akasema, "Mnaniharibia ukuta," lakini alikuwa amesogeza taa karibu. Uji wa unga ukianza kulainika unanuka kama asubuhi. Shemeji aliiondoa kwa kucha, kuanzia pembeni, pole pole, pumzi ameishika, mtu huyu anayefungua boneti ya lori kwa teke. Kona moja ilikataa ikabaki ukutani. Iliyobaki akaitandaza mezani kifudifudi na tukainama juu yake vichwa vitatu. Herufi zilikuwa hafifu, zingine zimekwenda na unga. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti, akisimama kila mahali.

"Mikono ikachoka kabla ya moyo kukata shauri. Tabu akaachilia. Akaanguka kiasi cha mtu kuanguka kitandani. Chini ya magoti yake palikuwa na udongo. Mtaa ulikuwa umeshuka siku zote hizo, taratibu, kama unga unavyoshuka ndani ya gunia, na hakuna aliyechungulia. Akasimama, akaita juu kuwaambia. Wale wa juu wakasikia sauti inatoka chini, wakaogopa, wakafunga madirisha."

Nduku ndiye aliyeanza, alisema, "Wajinga," kisha akaenda nyuma ya pazia. Shemeji aliikunja ile karatasi, akaikunjua, akaniachia mezani.

Nimeulizwa na Mueni, baada ya kumdokeza kidogo haya, kama hadithi ile ndiyo iliyonifundisha kwamba kufuli langu lilikuwa la kujitakia. Mueni anasoma sana. Hununua riwaya za vijana wa siku hizi wanaojichapia wenyewe na kuziuza kwenye mifuko yao ya mgongoni, za miji iliyoko baharini na mashine zenye huzuni, na hunisomea, na ninazipenda, na kila mara nageuza ukurasa wa mwisho kuona kama nyuma kuna kitu. Lakini hapana. Kufuli langu lilikuwa la chuma. Mlango ulikuwa wa mbao nzito. Tabu alikuwa na bahati ya kuwa kwenye kitabu. Ninachoweza kusema ni kilichotokea asubuhi iliyofuata, na kila mtu apime mwenyewe.

Nduku alitoka kwanza. Shemeji akavaa koti, akatoka, nikasikia mlango ukivutwa na kufuli likilia mahali pake, kama siku zote. Nikangoja nyayo ziende. Hazikwenda. Alikuwa amesimama upande wa pili wa mbao, namsikia anavyopumua.

"Mwende."

"Naam, shemeji."

"Yule mwanamke hakujua kwamba chini ni karibu."

"Hakujua."

"Basi aliachiliaje?"

Nikafikiri. "Mikono ilichoka," nikasema.

Vijana walipita, akawajibu salamu. Kisha nikasikia kitu kinakwaruza sakafuni, nikaona kikiingia chini ya mlango, kikisukumwa na kidole: ufunguo wa shaba na uzi wake mwekundu. "Kufuli litakaa," akasema. "Watu wana macho. Hayo mengine ni wewe na mtoto." Na akaenda, na lori likaguruma, likatoka.

Ndivyo alivyonipa ufunguo. Niliuokota, nikaufunga kwenye kiganja, nikaangalia mlango. Kufuli lilikuwa nje na mimi nilikuwa ndani. Ningependa kuandika kwamba nilicheka au nililia. Niliogopa. Niliketi kwenye mkeka na Mueni akautafuna uzi. Uji wake ukaganda. Nilikuwa nimeyasikia yote ya nje mwaka mzima, na sasa kelele zile zote zilionekana zinanisubiri mimi. Nilifikiri mtaro. Nilifikiri yule yaya. Nilifikiri kwamba nikitoka na lolote likitokea, atakuwa amesema kweli, na nikikaa hakuna atakayejua kwamba nilikuwa na ufunguo. Nilikaa mpaka harufu ya mahamri ikaisha, maana yake makarani wote wamekwenda. Halafu Mueni alinyoosha mikono kuelekea dirishani, anavyofanya kila siku akisikia sauti ya jirani, na mimi nikamfunga mgongoni kwa leso, nikakaza fundo, nikakaza tena.

"Mama Zuhura!"

Uso wake ukaja kwenye wavu, una unga kwenye nyusi. Nikapitisha ufunguo kwenye tundu. Akauangalia, akaniangalia, akaangalia mlango.

"Huu si wa kufuli hili?"

"Ndio."

"Na wewe uko ndani nao? Sasa nani amemfungia nani, mwanangu?" Akacheka mpaka akashika ukuta, lakini alipoona sicheki aliacha. Nikasikia kufuli likifunguka. Alinipokea kwa mkono kwenye kizingiti kama mtu anayemshusha bibi harusi, akanikabidhi ndoo yake tupu kwa sababu, alisema, mtu hatoki nyumbani mikono mitupu, watu watauliza.

Nikaenda bombani. Jua lilinipiga machoni hata sikuwaona wanawake vizuri, niliona leso na ndoo. Walinigeukia wote. Mmoja akamwambia mwenzake jambo kwa sauti ya chini, na mwingine akamshika Mueni kidole cha mguu. Nikasimama nyuma yao, wa mwisho kabisa, nikauliza kama foleni inaendelea.

"Inaendelea," wakasema. "Simama."